Minazi Isiyokuwamo Katika Hati

Siku mgeni aliponunua shamba la Mwabungo tulikuwa watu wanne katika ofisi ya wakili, Ukunda, orofani juu ya mkahawa wa viazi karai. Wakili, mgeni, muuzaji, na mimi. Muuzaji nilimwita ami kwa sababu yeye na marehemu baba yangu waliingia jando moja. Mimi nilikuwa mtu wa maneno, dalali na mkalimani. Pande zote mbili ziliniamini, kwa kuwa kila upande ulidhani ninaudanganya ule mwingine.

Mgeni alikuwa amestaafu kazi kwao Ulaya, umri miaka sabini na mmoja. Wakili akaeleza kwamba sheria yetu haimpi asiye raia ardhi ya milele, humkodishia miaka tisini na tisa. Mgeni akafikiri kidogo, akasema itamtosha. Nilijumlisha, kisha nikajumlisha tena, nikapata miaka mia moja na sabini. Ami akaninong'oneza, "Huyu atazikwa na nani?"

Mwisho wakili akauliza kama yuko mtu mwingine yeyote mwenye haki katika ardhi hiyo. Nikatafsiri. Ami akasema hayuko. Nami, niliyekulia chini ya minazi iliyosimama humo, nikaitikia kwamba hayuko.

Hatukusema uongo, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Afadhali ningekuwa nimedanganya. Kudanganya nimezoea, na najua namna ya kujitoa.

Kwetu ardhi ni kitu kimoja na mnazi uliopandwa juu yake ni kitu kingine. Babu mzaa mama alipanda minazi ile kwa ruhusa ya baba yake ami, kwa neno la mdomo na kuku mmoja aliyeliwa siku hiyohiyo. Tangu hapo shamba likawa la kwao na minazi ikawa ya kwetu. Wao walilima mihogo katikati ya mashina yetu, nasi tulikanyaga mihogo yao tukienda kuangua nazi, na ugomvi ukitokea ulikuwa wa mihogo. Babu alipofariki minazi ikagawanywa kama mali nyingine. Ndugu zake wakapata ya mashamba mengine, mama akapata hii yote, mashina ishirini na matatu. Kumwambia mnunuzi kwamba minazi haimo katika mauzo ingekuwa sawa na kumwambia kwamba mbuzi wa jirani, aliyekuwa akipita pale wakati tunapima, naye hamo.

Minazi hiyo ndiyo iliyotulea. Kila baada ya miezi mitatu mama alimwita mkwezi, akakaa chini mbali kidogo na shina, akihesabu kwa sauti kila nazi iliyoanguka. Mkwezi alihesabu juu, mama chini, na hesabu zao zisipolingana mkwezi hakushuka. Nazi aliuza, makuti alisuka, makumbi alipikia, na mafuta aliyoyakamua akina dada wa Ukunda waliyafuata nyumbani. Ana zaidi ya miaka sabini sasa na hajawahi kuniomba hata kibiriti. Ndugu zangu walio Mombasa humtumia pesa kwa simu, naye huzirudisha.

Mgeni alipokuja kulitazama shamba mara ya kwanza, mama alikuwepo akichambua nazi. Akampasulia dafu. Mgeni akanywa, akashukuru, akaniambia njiani kwamba majirani wa hapa ni wakarimu. Nikamjibu ndiyo, ni wakarimu sana.

Sitawasema vibaya wageni kwa sababu wamenilisha. Nilianza kwa kuuza madafu ufukweni Diani, nikajifunza Kijerumani cha kuuzia madafu, kisha Kiitaliano cha kuuzia viwanja. Tangu walipoacha kuja kwa likizo tu na kuanza kuhamia moja kwa moja, mafundi wetu wa mawe hawakai bure. Mtaani kwetu kila nyumba ina mtu anayemwagilia bustani ya mtu, kumpikia mtu au kumfulia mtu. Na kazi zilipopatikana wakaja watu wa bara kuzifuata, na watu wa bara wakafungua maduka, na maduka yakaleta taa. Hayo yote niliyapigia hesabu upande wa faida.

Upande wa pili nilikuwa mvivu kuuhesabu. Kutoka nyumbani kwetu hadi baharini zamani palikuwa na njia saba. Sasa ziko mbili, na moja ina mlango. Samaki kama changu na tasi ambao mama zetu walikaanga wanapelekwa mahotelini na majumbani kabla hawajafika sokoni. Kijana wa Mwabungo anayejenga ukuta wa mgeni hawezi kununua kiwanja cha kusimamisha hata choo. Nilikuwa nikiyaona, nikisema ndivyo dunia ilivyo, bora kila ukuta unapojengwa mimi nimepita katikati.

Ua wa seng'enge ulipozungushwa shamba lile, nguzo arobaini na nne, nilidhani mgeni anazuia ng'ombe. Wiki ya pili mama alikwenda na mkwezi kama kawaida. Akarudi kabla jua halijapanda, kamba begani, magunia yakiwa matupu.

"Shikamoo mama. Mbona mapema?"

"Marahaba. Kuna soja pale."

"Soja gani?"

"Wa bara. Kaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta nazi zangu. Akaniambia, 'Mathe, nazi zinauzwa sokoni.'"

Mkwezi alicheka. Mama hakucheka. Akayakunja yale magunia moja moja, akaniambia, "Wewe ndiwe mwenye lugha zao. Nenda."

Nilikwenda saa ileile. Mgeni alinipokea vizuri, akanitilia kahawa. Alikuwa akijifunza Kiswahili kwa kitabu, akakisema polepole na kwa usahihi kunishinda mimi.

"Rafiki yangu, minazi imo ndani ya ardhi yangu. Inawezekanaje iwe ya mtu mwingine?"

Nikamweleza habari ya babu, ruhusa na kuku. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Karatasi ipo?"

"Kuku aliliwa, mzee."

Hakuelewa kama ni mzaha, nami sikuwa na hakika. Akanionyesha mchoro wa nyumba. Mahali pa minazi palikuwa na bwawa la kuogelea, na mitambo ya jua ambayo haitaki kivuli. Tena wajukuu wake walikuwa wakija, na alikuwa amesoma kwamba nazi ikimwangukia mtoto humuua. Mafundi wa kukata wangefika baada ya wiki mbili.

"Lakini mimi si mwizi," akasema. "Mlete aliyeniuzia. Akisema mbele ya chifu kwamba minazi haikuwa yake, nitaiacha. Yote."

Niliondoka nimefurahi. Nilijiambia mtu huyu ni mwungwana, na kesi yetu ina shahidi mmoja tu anayetakiwa, naye ni ami, aliyeingia jando na baba yangu.

Ami alikuwa amehamia Kinango. Alinunua ng'ombe kumi na sita kwa pesa za shamba, akasema amechoka na chumvi. Nilimkuta mnadani siku ya soko, chini ya kivuli cha lori, ameshika ng'ombe mmoja aliyekonda hata mbavu zake nilizihesabu bila kumkaribia. Mvua ilikuwa imekataa msimu wa pili. Nikamwuliza wengine wako wapi.

"Wengine tisa wamekufa. Sita nimewauza kwa bei ya ngozi. Huyu ndiye kinara."

Nikamweleza nilichojia. Akamfukuza nzi kwenye jicho la ng'ombe.

"Siwezi," akasema.

"Ami, ni neno moja tu. Useme minazi ni ya mama."

"Ni ya mama yako. Nani asiyejua? Lakini nilitia kidole changu kwenye karatasi iliyosema nimeuza ardhi na vyote vilivyo juu yake. Nikienda kwa chifu nikasema vingine havikuwa vyangu, yule mzungu ataniambia nirudishe sehemu ya pesa. Nirudishe nini? Huyu?" Akampiga ng'ombe kofi la mgongoni. Vumbi likatoka.

"Karatasi ilisema hivyo?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mchuuzi aliyejaribu kumpunja.

"Unaniuliza mimi? Wakili alisoma kwa Kiingereza, wewe ukanitafsiria. Nikakuuliza, 'Vyote vipi?' Ukanijibu, 'Kibanda na kisima, ami. Tia kidole tuondoke, nina mteja mwingine Galu.'"

Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau kabisa, lakini alipoyasema niliisikia sauti yangu mwenyewe ikiyasema, na harufu ya viazi ikipanda kutoka chini.

"Kwa hivyo ukitaka shahidi," ami akaendelea, "uko hapa umesimama. Nenda kajishuhudie."

Nilijaribu kumbembeleza. Nikamwambia nitaongea na mgeni asidai kitu. Akauliza kama mgeni ameahidi hivyo kwa maandishi. Mzee wa watu alikuwa amejifunza. Nilipoaga akanishika mkono, akaniambia nimsalimie sana mama, kisha akaniuliza kama namjua mtu yeyote anayenunua ng'ombe.

Kwa chifu nilikwenda peke yangu. Alinisikiliza, akasema desturi anaijua, hata yeye ana minazi sita kwenye shamba la mtu. Akafunga macho kidogo. Nadhani alikuwa akiihesabu. Kisha akasema bila muuzaji hawezi kupinga hati iliyotiwa muhuri, na akaniuliza kwa upole nani alikuwa mkalimani siku ile.

Zilikuwa zimebaki siku tatu. Kila jioni mama alikaa barazani akisuka makuti yaliyobaki, na nilipopita aliinua uso, akaushusha. Sikumwambia habari ya karatasi. Nilimwambia ami mgonjwa.

Siku ya mwisho nikafanya ninachokijua. Nilikwenda kwa mgeni nikapatana. Alianza kwa kusema atanipa magogo yote bure, nikauze mbao. Nikakataa. Akasema basi ataacha miwili, upande wa bahari. Nikamwambia mama yangu ana watoto saba na miwili haigawanyiki. Akacheka. Nikamtisha kwamba mnazi ukikatwa ardhi ya mchanga huhama. Nikamsifu kwa ukarimu wake. Nikanyamaza pale panapofaa kunyamaza, nikainuka kama mtu anayeondoka, nikaketi tena. Nilimpandisha hadi mitatu, hadi minne, mpaka akanyoosha mkono akasema, "Mitano. Karibu na ua. Mama yako anaweza kuja wakati wowote."

Ilikuwa kazi nzuri. Katika maisha yangu sijapatana vizuri hivyo na mtu ambaye hakuhitaji kunipa chochote. Nilirudi nyumbani karibu nikikimbia.

"Mama, nimeokoa mitano!"

Aliweka chini kuti alilokuwa akilisuka.

"Mitano ya nani?"

"Ya kwako. Alitaka kukata yote."

"Kwa hivyo umempa yangu kumi na minane," akasema, "naye akakupa yangu mitano. Na bado unacheka."

Ndipo nikamwambia yote: ami, ng'ombe, karatasi, kibanda na kisima. Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameegemea nguzo ya baraza. Nilitaka anitukane. Mama yangu ana matusi yanayojulikana mpaka Msambweni. Wachuuzi wa soko walipita mbali naye. Aliniuliza tu, "Na ulimwahi huyo mteja wa Galu?"

"Nilimwahi."

"Alinunua?"

"Hakununua."

Akaliinua tena lile kuti.

Walikuja asubuhi na misumeno miwili ya mashine. Nilikwenda kusimamia, kwa sababu sikuwa na pengine pa kujiweka. Vijana waliokuwa wakikata wengine ni wa kwetu, watoto wa watu ninaowajua, na walinisalimia bila kunitazama. Walihitaji kazi. Ningekuwa na umri wao ningekuwa nimeshika msumeno.

Mnazi hauanguki kama miti mingine. Unasimama kana kwamba haujakatwa, kisha kichwa kinatikisika mara moja, na shina lote linalala kwa mpigo mmoja unaousikia tumboni. Kwenye mashina kulikuwa na vidato vya kukwelea ambavyo baba yake mama alichonga kwa panga. Nilihesabu hadi kumi na minane. Saa nne na nusu walikuwa wamemaliza, wakapasua vilele wakala ule moyo mweupe, wakanikatia kipande. Nikala. Ulikuwa mtamu. Sijui kwa nini naandika hili, lakini nilikula.

Nyumbani nilimkuta mama amesimama mlangoni.

"Kumi na minane," akasema kabla sijafungua mdomo. Alikuwa amehesabu kwa masikio.

Ilipita miezi miwili na ushei. Wakati wa kuangua ulipofika nilimwambia mitano inamsubiri. Akajifunga leso mpya, akamwita mkwezi, tukaenda watatu. Ua wa seng'enge ulikuwa umeshakuwa ukuta, na ukuta ulikuwa na geti la chuma. Soja alifungua kidirisha. Alikuwa kijana mwenye heshima kwa namna yake.

"Mathe, sasa. Uko poa? Umekuja kuona nani?"

"Shikamoo husemi?" mama akamwuliza.

"Haya, shikamoo mathe. Umekuja kuona nani?"

"Nimekuja kuona minazi yangu."

Soja akanigeukia. Nikamweleza kwamba mwenye nyumba anajua. Akasema boss ameenda Mombasa lakini ndiyo, aliacha maagizo, mama anaruhusiwa, shida ni kwamba lazima kila mgeni aandikwe. Akatoa daftari kubwa na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Akataka kitambulisho. Mama akafungua pindo la leso, akampa. Soja akaandika jina na nambari, akatamka kila alichokiandika.

"Unatoka?"

"Hapa."

"Hapa wapi, mathe?"

"Hapa."

Akaandika Mwabungo. Kisha akafika penye sababu ya kuja, akaizungusha kalamu. "Niweke nini? Niweke kazi ama kutembea?"

Mama alikuwa ameinama anatazama ule mstari ambamo jina lake lilikuwa limeandikwa, chini ya mtu wa maji na mtu wa kuua mchwa. Alinyoosha mkono, akachukua kitambulisho chake, akakifunga tena pindoni. Akampa mkwezi ujira wake wa siku, kamili, kana kwamba alikuwa amekwea. Akageuka.

Njiani alikwenda mbele yangu, na kwa mwanamke wa umri wake alikwenda haraka. Tulipofika kwetu akasema bila kugeuka, "Kamwambie aikate na hiyo."

"Mama..."

"Yangu ni yangu. Nikisema ikatwe, ikatwe. Asinihifadhie."

Nilijaribu kumshusha. Nilimwambia nitakuwa nikienda mimi kuangua, nimletee nazi mlangoni, hatauona ukuta tena. Nilimwambia tui la nazi za sokoni ni maji matupu, yeye mwenyewe husema. Nilimwambia tungoje mwezi. Hakupanda wala hakushuka. Mtu anayepatana naye hujua mara moja kwamba mwenzake hana bei.

Kesho yake nikaenda. Soja akaniandika. Mgeni alikuwa ukumbini, mbele ya bwawa lenye maji ya buluu kama dawa ya kufulia, na nyuma ya bwawa ilisimama ile mitano, imefagiliwa chini, mashina yamepakwa chokaa mpaka kiunoni. Nazi zake zilikuwa zimeangushwa zote zisije zikawaangukia wajukuu. Nikampa ujumbe wa mama kama alivyonipa.

Alishangaa kweli. Akaniuliza kama mama amekasirika, kama soja alimkosea adabu, kama anahitaji kitu. Akasema angependa kumtembelea ampelekee keki. Kisha akaitazama minazi, akatikisa kichwa.

"Hapana, rafiki yangu. Mwambie samahani. Mitano hii inapendeza sana. Siwezi kuikata."

Nilifungua mdomo. Maneno ninayo, ya lugha nne, ndiyo yaliyonilisha miaka yote hii. Niliangalia kama kuna hata moja la kumweleza mtu kwamba ameombwa na mwenye mali aiharibu mali yake, naye amekataa kwa wema. Halikuwepo. Nikasema asante, nikatoka, soja akaandika saa niliyotoka.

Mama alikuwa akinisubiri uani.

"Amesemaje?"

"Amekataa."

"Amekataa nini?"

"Amekataa kuikata. Anasema inapendeza."

Alikaa chini kwenye mbuzi ya kukunia, ile ambayo ulimi wake wa chuma umekwisha kwa kukuna, ingawa hakuwa na nazi mkononi. Alikaa tu, mikono magotini.

"Nawe ukamwambia nini?"

"Sikumwambia kitu, mama."

Aliniangalia kwa muda, tena bila hasira, na hapo ndipo nilipoogopa. Akaniuliza, zile pesa ambazo ndugu zangu walikuwa wakituma kwa simu, naye akizirudisha, mtu akitaka kuzitoa azitumie hubonyeza wapi.

Nikaketi karibu yake, nikamwonyesha.